Sare Nyeupe Uani

Sikonge

Kaka Emilian, shikamoo.

Huku asali imekomaa, na wote tunakusalimu. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa dereva wa basi barua hii.

Tumbaku ya baba imelala ghalani bila mnunuzi, ada ikakosekana, nami nikarudishwa nyumbani kabla ya mtihani wa mwisho. Kwa aibu, baba akatangaza kanisani kwamba nimehitimu ukunga.

Sasa mkeo Advera hataki kwenda kujifungulia hospitali. "Niende wapi, na wifi yangu mkunga tunaye ndani?" Nimemwambia ukweli, akadhani ni utani wa mawifi. Miguu imemvimba, kichwa kinamgonga, haoni vizuri. Hatari hiyo naijua. Dawa yake sina.

Mwamuru aende, kaka! Leo amenifulia sare yangu nyeupe, ameianika uani, anasema nijiandae.

Mdogo wako,
Apolinaria