Redio Ndani ya Debe

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Isansa hatujambo, kahawa imechanua, na babu yako bado mbishi. Umeniuliza kama kweli sanduku la bati huokoa vyombo vya umeme radi ikipiga.

Huokoa! Enzi za Ujamaa, wingu lilipotanda, nilichomoa waya wa redio yetu uliofungwa mtini, nikaifungia redio ndani ya debe. Babu yako akafoka, "Mama Neema, bati linaita radi!"

Radi ikapiga ule mti. Redio ya jirani, waya wake ukiwa bado mtini, ikafa. Yetu ikaimba, kijiji kizima kikacheza uani kwetu, wakanisifu kwa akili.

Usimwambie babu yako: nilikuwa naikinga na paa linalovuja.

Bibi yako anayekucheka kwa upendo