Neema Hakuwepo, Baba

Baba,

Neema hakuwepo. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazungukazunguka, halafu nitaogopa.

Uliponikataza kwenda Zambia peke yangu, ukasema mtoto wa kike haendi nchi za watu bila mwenzake, nilikuwa nimeshakata tiketi ya basi. Miaka minne ya kuwapikia wachimbaji pale Kakola ilikuwa imenichosha. Nilitaka kuyaona maporomoko ya maji ya kule Livingstone kabla sijazeekea kwenye moshi. Basi nikakutungia mtu. Nikasema naenda na Neema, tunapika naye mgahawani, Mkatoliki kama sisi, kwao Runzewe. Ukafurahi. Ukatubariki sote wawili.

Upweke ule sikuujua, baba. Stendi nilikuwa naingia chooni na begi mgongoni, maana hakuna wa kumwambia niangalizie. Lusaka nililala chumba cha vitanda vinane, wenzangu wakicheka kwa lugha nisiyoielewa, nami najifanya nasoma simu. Ugali wao ni kama wetu, ila niliula nikitazama ukuta. Kwenye maporomoko nilimwomba mgeni mmoja anipige picha. Akanipiga, akanirudishia simu, akaenda zake. Nimelowa, maji yananguruma, na sina wa kumwambia, "Umeona?"

Jioni ile ile ukapiga. Uliponiita "Ng'wanawane", mwanangu, kwa Kisukuma chetu cha nyumbani, nilitaka kulia. Badala yake nikasema tunafurahi sana.

"Nipe Neema nimsalimie."

Nikabana pua. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwangalie huyo mwenzako. Akiumwa huwa hasemi."

Mtandao ulikuwa unakatakata, ukaamini. Nilipokata simu nilicheka. Nilicheka, baba, na wewe ulikuwa hujainuka kitandani tangu juzi yake.

Siku ya tano kaka Masanja akanipigia. Mabasi matatu, na mpaka nafika Ushirombo walikuwa wameshakuzika. Mama alinipokea uani, akanishika mikono. "Nilitaka tukuite mapema," akasema, "baba yako akakataa. Alisema ukirudi haraka, yule binti wa watu atabaki peke yake ugenini. Tukungoje mmalize safari yenu."

Kisha akaniuliza kama Neema amefika salama kwao.

Nikasema amefika.

Ndivyo nilivyofanya, baba, udongo wa kaburi lako ukiwa bado mbichi. Umekufa ukiniacha mbali kwa ajili ya kumhurumia mtu niliyemtunga mimi.

Tangu uondoke, Masanja ndiye anayepeleka ng'ombe bwawani. Mgahawani sijarudi. Shangazi huongoza sala ya jioni, na kila siku humtaja Neema, nami naitikia amina. Ni ile amina iliyonishinda. Juzi, tukipepeta mchele, nikamwambia mama yote.

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Kwa hiyo angeweza kukuita."

Hayo tu. Siku mbili hakunisemesha. Leo asubuhi akanikuta nakunywa uji jikoni, akasimama mlangoni.

"Kule ulikuwa unakula na nani?"

"Peke yangu, mama."

Akavuta kigoda, akakaa karibu yangu hadi bega likagusa bega, akamimina uji wake. Sijui kama ndio msamaha, na sikuthubutu kuuliza.

Jumapili baada ya misa nitamwambia shangazi, na Masanja, hata kama atanifukuza. Wewe sikuombi unisamehe upesi. Nakuahidi hili tu: nikisafiri tena nitaaga nikisema ninakwenda peke yangu, ili aliye nyumbani akiumwa asimhurumie mtu mwingine yeyote. Aniite. Nitarudi.

Pumzika, baba.

Mwanao, Kabula