Kipimo Nilichokikwepa

Jumatatu, 3 Machi

Wifi ana homa, kwa hiyo leo kaka nimempeleka mimi kusafishwa damu. Saa nne nzima kwenye mashine. Siku zote nikiwasindikiza naishia mlangoni, nasingizia kazi. Leo nimekaa mpaka mwisho. Mirija miwili — mmoja unatoa damu, mwingine unairudisha. Yeye anasoma gazeti la juzi utadhani yuko kwa kinyozi.

Muuguzi akaniuliza kama sisi ni wa tumbo moja. Nikasema ndiyo. Umewahi kupima figo? Hapana. Akasema kaka yangu alifika pale figo zimeshachoka, na hakuwa amesikia maumivu hata siku moja.

Kaka akakunja gazeti. "Nilikuambia mwaka jana. Na mwaka juzi."

Nikasema nina mashati themanini ya shule ya kushona. Ninayo kweli. Ila si mashati yanayonizuia.

Hapa naweza kuandika, hakuna anayesoma. Naogopa majibu mabaya. Na mazuri pia naogopa. Figo zikiwa mbovu, na mimi nitakaa kwenye kiti kile. Zikiwa nzima — yeye hana hata moja inayofanya kazi, mimi ninazo mbili. Nyumbani kwetu kila mtu ameshapiga hesabu hiyo. Hakuna aliyewahi kuitamka.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda. Mama Pindo, mwenzangu pale kwenye cherehani, ndiye aliyenibeba mzobemzobe. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna anayemshinda kukunja pindo la suruali. Alifunga duka, akatia ufunguo kwenye sidiria, akasema hafungui mpaka turudi nikiwa na plasta mkononi.

Presha — si mbaya. Damu — chupa mbili ndogo. Kisha kikopo. Mwanzo wa mkojo uache uende, kinga wa katikati. Rahisi kusema. Nimesimama chooni robo saa, mkavu kama chaki. Mama Pindo akagonga mlango, akauliza kama nimezama. Nikacheka, na kicheko ndicho kilichonisaidia.

Daktari ni mama mmoja mpole, sauti ya chini. Akaeleza kwamba damu inaonyesha kama figo zinachuja uchafu vizuri, na mkojo unaonyesha kama zinavujisha protini. Vyote viwili vinahitajika, maana kimoja kinaweza kuwa sawa na kingine kisiwe. Akauliza dawa ninazotumia. Hakuna, nikasema. Mama Pindo akakohoa.

Basi nikataja vidonge vya mgongo. Viwili asubuhi, viwili jioni. Tangu lini? Miaka sita. Daktari akaweka kalamu chini.

Ijumaa, 7 Machi

Damu nzuri. Mkojo una protini.

Sikusikia kilichofuata. Nilikuwa naangalia mdomo wa daktari unavyocheza. Akanigusa mkono, akaanza upya, polepole. Kipimo kimoja hakitoshi kusema figo zinaumwa. Nina uambukizo kwenye njia ya mkojo, na huo peke yake unaweza kuleta protini. Nimeze dawa zote, vidonge vya mgongo niache kabisa maana huumiza figo, nirudi baada ya wiki tatu na mkojo wa kwanza wa asubuhi.

Kaka alipopiga simu nikamwambia majibu hayajatoka. Akasema, "Wewe ukidanganya huwa unavuta pumzi kwanza." Nikamwambia kweli. Hakusema pole. Alisema, "Nitakuja na wewe."

Jumapili, 16 Machi

Mgongo unaniua. Mama Pindo ameniinulia meza ya cherehani kwa matofali manne, nisiiname. Mbaya kutazama. Inasaidia.

Jumamosi, 29 Machi

Mkojo nimepeleka alfajiri, kikopo nimekifunga kwenye kitambaa cha shati la shule. Mtu wa maabara akakifungua, akasema hajawahi kupokea mkojo uliovaa sare.

Jumatatu, 31 Machi

Safi.

Naandika tena nilione neno. Safi. Protini hakuna ya kutisha, uchujaji wa figo uko juu ya tisini, kiwango kizuri. Daktari amesema nitarudi kupima kila mwaka, kwa sababu ya kaka, na vile vidonge nisivisogelee. Nilitaka kumkumbatia. Nikamkumbatia. Miguu ilikuwa myepesi mpaka nikapita kituo cha basi, ikabidi nirudi nyuma.

Kaka alikuja mpaka mlangoni kwa daktari, akakaa na miwani yake, akaisoma karatasi mstari kwa mstari kama mwalimu anayetafuta kosa. Alipomaliza alivua miwani, akajifuta macho kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilidhani sasa atasema. Njia nzima nilisubiri. Alichosema ni kwamba ana njaa.

Sasa tuko dukani. Mama Pindo amepeleka mashati shuleni. Kaka yuko nje kwenye simu na wifi, namsikia vizuri kupitia dirisha: "Nzima. Zote mbili. Nimekwambia nzima." Anacheka kana kwamba ni zake zilizopona.

Hajaniomba. Sasa najua hataniomba kamwe. Miaka yote hii nilikuwa namkwepa mtu ambaye hakuwa ananifuata.

Kabla hatujaondoka hospitali nilirudi ndani peke yangu, nikamuuliza daktari mtu anayetaka kutoa figo huanzia wapi. Hakushangaa. Kundi la damu kwanza, akasema, halafu vipimo vingine vingi, na wakati wowote unaweza kusema hapana. Mlango namba tisa, Alhamisi asubuhi.

Sijaamua. Sijaamua kitu.

Ila kaka ameacha kadi yake ya hospitali juu ya cherehani, na kundi lake la damu limeandikwa pale kwenye kona, kwa wino mwekundu. Langu silijui. Simu imekwisha. Nasikia viatu vyake kwenye kokoto, na kadi ninayo mkononi, na siirudishi —