Barua kwa Mkuu wa Chuo

Ulaya, 14 Januari 2024

Mpendwa Baba,

Mulembe. Hamjambo hapo Kanduyi? Mimi sijambo, ila baridi ya huku inauma mpaka mifupa. Naandika kwa sababu masikio yako na simu hayapatani, na neno lenyewe sitaki kulipigia kelele.

Baba, nimesilimu. Ni mwezi wa tatu sasa. Hakuna aliyenilazimisha, wala si mambo ya msichana, mwambie Mama asianze. Ilianza na kusoma. Nilikuja kusoma historia kwa sababu yako, na huku nimekuta kwamba vitabu vya tiba vya Waislamu vilifundishwa vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka. Hata pale Mumias, si mbali na sisi, watu walikuwa wakiswali kabla babu yako hajabatizwa. Ulinifundisha Kidato cha Pili, Baba. Uislamu ulipata ukurasa mmoja, na ukurasa wote ulikuwa minyororo ya watumwa. Hukusema uongo. Lakini ukurasa mmoja, bana?

Naomba kitu kimoja tu. Nikirudi Desemba, nikae kwako hivi nilivyo, tule pamoja. Nijibu.

Mwanao,
Derrick

Kanduyi, 3 Februari 2024

Derrick,

Natumai u mzima wa mwili, maana wa akili sina hakika. Sisi tupo. Mvua bado, na mama yako Edah amelala siku mbili bila kutia kitu mdomoni.

Ati ukurasa mmoja! Nimefundisha historia miaka thelathini na moja, kumi kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, halafu mtoto niliyempangusa kamasi ananisahihisha. Runinga ninayo. Kila jioni nawaona hao watu wako, mabomu na vilio. Hao Wazungu wanaowaogopa ni wajinga? Ulienda huko kwa harambee ya kanisa. Wamama wa Naitiri walileta hadi kuku. Jumapili niwaambie nini?

Rudisha akili kwanza. Habari ya Desemba tutaizungumza baadaye.

Baba yako,
Mwalimu Wekoye

Ulaya, 20 Februari 2024

Mpendwa Baba,

Mulembe tena. Pole kwa Mama, mwambie ale, mimi sijafa.

Hao unaowaona kwa runinga hata mimi siwajui. Ninaowajua ni dereva wa basi, daktari wa meno, na mzee mmoja anayetulisha wali kila Ijumaa mpaka tunashindwa kuinuka. Lakini watu wa huku nao wana runinga. Kuna mama wa maktaba aliyekuwa akiniuliza habari za Mlima Elgon kila asubuhi. Tangu nivae kofia, nikikaa karibu anavuta mkoba wake. Kwanza waliniogopa kwa weusi, sasa ni kofia. Sijui nivue nini. Nacheka, Baba, lakini inauma sana.

Nikichoka najiambia, si nyumbani kupo? Sasa niambie wewe kama kupo.

Mwanao,
Derrick

Kanduyi, 9 Machi 2024

Derrick,

Natumai barua hii itakukuta salama. Mama yako ameanza kula kidogo.

Nimeona nifanye kile mzazi yeyote hufanya mtoto akipotoka shuleni. Nimemwandikia mkuu wa chuo chako, kwa mkono wangu, nikatia sahihi. Utaitwa ofisini, utakemewa, utatoka na adabu. Usinikasirikie. Nafanya hivi kwa sababu nakupenda, ingawa hilo sijui kuliandika vizuri.

Baba yako,
Mwalimu Wekoye

Kanduyi, 30 Aprili 2024

Derrick,

U mzima? Wiki saba sasa hujajibu. Mama yako anapiga simu yako asubuhi na jioni, haipatikani. Mkuu alikuita? Alikuwa mkali sana? Hata kama ni kwa matusi, jibu.

Baba yako

Tuwan, Kitale, 19 Agosti 2024

Baba,

Natumai mu wazima, hasa Mama. Mimi niko hapa Kitale tangu Juni. Najua ni karibu. Naishi kwa Mzee Ngige, fundi wa baiskeli, Mwislamu wa siku nyingi. Namsaidia kuziba pancha.

Ndiyo, niliitwa ofisini. Mkuu hakuwa peke yake, alikuwa na polisi wanne. Waliweka karatasi mezani na mara moja nikajua mwandiko wako. Uliandika kwamba natembea na watu wabaya. Kwamba nimewatishia ninyi wazazi wangu. Kwamba wanichukulie hatua kali kabla sijafanya jambo baya. Nilikutishia lini, Baba? Walinishika siku arobaini na tatu wakitaka majina. Niliwaambia huyu ni baba yangu, ana hasira za karibu, kwetu wazazi huandika hivi. Wakaniambia hata baba yako mzazi anakuogopa.

Hawakupata kitu. Viza wakaifuta hata hivyo, na masomo yakaishia hapo. Yule mzee wa wali walimvunjia mlango mchana, wajukuu wakiangalia, kwa sababu nilikula kwake.

Sikutukani. Lakini usije.

Derrick

Kanduyi, 4 Septemba 2024

Mwanangu Derrick,

Sijui nikusalimu vipi. Barua yako nimeisoma mara nne, ya tano mama yako akaninyang'anya. Tangu hapo hasemi nami. Anaweka chakula mezani na kuondoka.

Nisikize. Nikiwa mwalimu mkuu nilipokea barua kama ile mamia. Mtoto huyu ataniua, mchapeni. Mtoto huyu ni jambazi, msaidieni. Kila mzazi hutia chumvi ili mkuu aamke, na kila mkuu anajua, anapunguza nusu, halafu nusu ya nusu. Nilikuwa namwita mtoto, namfyekesha nyasi wiki moja, yakaisha. Nami nikatia chumvi vivyo hivyo. Hukuwahi kunitishia hata siku moja. Nilisahau kwamba habari ikiwa ya Mwislamu, huko hakuna anayepunguza. La, hata huo ni uongo. Sikusahau. Nilikuwa nakuogopa kama wao.

Nimewaandikia tena, safari hii kwa barua pepe ili iwahi. Nimesema nilidanganya, wakurudishe darasani, wamwombe radhi yule mzee. Wamenijibu kwa mistari miwili. Faili imefungwa, na wananishukuru kwa ushirikiano wangu. Wananishukuru, Derrick!

Umesema nisije, lakini nitakuja. Ijumaa ijayo, tarehe kumi na tatu, nitasimama nje ya lango la msikiti wa hapo Tuwan mkitoka. Sitafungua mdomo. Ukitaka, simama. Kama hutaki, nipite tu.

Baba yako,
Wekoye

Kanduyi, 14 Septemba 2024

Mwanangu,

Natumai umeamka salama. Mimi nilifika nyumbani jana jioni, miguu imevimba kidogo.

Nilifika hapo mapema kuliko ilivyohitajika. Nikavua viatu nikiwa bado barabarani, kwa sababu sijui sheria zenu, na mlinzi akaniambia kwa upole, mzee, vaa, hapo ni nje. Nikasikia swala yenu kupitia dirisha. Miaka yote hii nilikuwa sijawahi kusimama nikaisikia. Ni wanaume tu wakiitikia amina, kama kwetu.

Ulitoka karibu wa mwisho. Umekonda. Ndevu zimekutoka vizuri. Mzee Ngige alinipa mkono, akaniuliza habari za Kanduyi, na mimi nikamwitikia kwa kichwa. Wewe uliniangalia machoni, kitambo kizuri. Mguu wako mmoja ulikuwa umesimama, niliuona. Halafu ukaangalia chini, ukanipita.

Nilimweleza mama yako hivyo hivyo nilivyokuandikia. Aliketi, akafunika uso kwa leso.

Ijumaa ijayo nitakuwa palepale. Wala sikulaumu, mwanangu. Tangu utoto nikikuambia jambo ulikuwa unalifanya, na mimi ndiye niliyekuambia unipite.

Baba yako,
Wekoye