Kidoti Kilichozimika Mlango wa Bahari

Nyumbani, ghorofa ya pili
Jumapili, baada ya chai

Mpendwa wifi yangu,

Salamu tele. Hujambo? Shemeji hajambo? Na huo mgongo wako, umepoa? Sisi huku tu wazima, na safari hii naandika "wazima" bila kukudanganya. Kaa kitako usome: kaka yako amerudi! Mzima, tena kanenepa, hana haya.

Najua ile simu yangu ilikukata maini. Lakini unamjua mama. Tangu vita vianze alikuwa habanduki kwenye ile ramani ya meli iliyo kwenye simu yangu. Meli ya kaka yako ni kidoti chekundu. Mama akiamka kidoti, akilala kidoti. Jamaa walioushika ule mlango wa bahari walisema hapiti mtu bila ruhusa yao. Wanaopigana nao wakasema atakayewaomba hao ruhusa ni adui. Basi meli za mafuta zikapanga foleni nje, na kaka yako ndani ya mojawapo, anawapikia mabaharia. Wapiganapo fahali wawili nyasi huumia, na nyasi ndio sisi.

Asubuhi moja kidoti kikaingia mlangoni, kikazimika. Mama alipiga ukelele mpaka fundi cherehani wa chini akapanda ngazi na tepu shingoni. Ndipo nikakupigia. Kesho yake sebule imejaa majirani, watu wanalia, mara simu ikaita. Ni yeye! Anauliza hapo nyumbani kuna sherehe gani.

Kumbe nahodha alikizima mwenyewe kile chombo kinachoonyesha meli ilipo, wapite kwa kunyata wenye mizinga wasijue. Kaka yako anasema hata mifuniko ya sufuria aliifunga vitambaa isigongane. Nikamuuliza, ina maana adui angesikia mfuniko?

"Mke wangu," akasema, "ungekuwapo, hata wewe ungenyamaza."

Mimi huyu! Hapo nikajua waliogopa kweli.

Siku aliporudi na kubisha hodi, mama alimzaba kibao kwanza, ndipo akamkumbatia. Nami nililia, wifi, sikuficha kitu. Nilikuwa nimeshajiona mjane.

Jana kampuni ikampigia: meli nyingine, njia ile ile. Mama akaacha kutafuna. Walipopiga tena, kaka yako akaitazama simu inavyolia, kisha akaizima, kama nahodha wake. Waache wamtafute kwenye ramani. Sasa hivi yuko jikoni, anamenya vitunguu na kuniambia visu vyangu butu.

Msalimie shemeji, na yule kitinda mimba wako mwenye maneno, mwambie mjomba wake yupo. Fundi cherehani anakusalimu. Mama naye angependa kuongeza mstari, ila hawezi kubanduka: kaweka kiti chake mlangoni mwa jikoni, na hapiti mtu bila ruhusa yake.

Mungu awafunike huko mliko, kama alivyomfunika huyu.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Mke wa Mpishi