Gari la Waya Linalompita Bibi

Hinterlahn, Tirol
3 Oktoba

Mpendwa Shangazi Kreszenz,

Shikamoo. Habari za Hobart, na goti lako linaendeleaje? Sisi wazima. Ng'ombe wameshateremka kutoka malishoni, wote salama, na mimi nimepata miwani mipya. Ningependa kukuandikia habari njema tu, lakini nimechoka na watu wa nyumba hii.

Ni kuhusu gari jipya la waya la kupandisha wanaokuja kuteleza thelujini. Baba na kaka Korbinian hawana mazungumzo mengine: vichumba vya watu kumi, viti vyenye joto, mteremko mpya nyuma ya kilima, mashine za kutengenezea theluji. Juzi mezani nilipouliza wageni watafikaje sasa kwenye mkahawa wa Bibi, Korbinian alinijibu, "We Burgi, viti vina joto. Makalio yako yatashukuru."

"Yangu yamekalia mawe tangu utotoni," Bibi akasema, "na hayajawahi kulalamika."

Wakacheka, swali langu likapotea.

Unakumbuka viti vya zamani vya kwenye waya vilivyoshusha watu mlangoni pa Bibi, katikati ya mlima. Viling'olewa theluji ilipoyeyuka. Gari hili linapanda moja kwa moja hadi kileleni, na mteremko mpya unashukia upande wa pili. Ramani ilitundikwa ukumbini majira yote ya joto. Niliisoma, nikamwambia Baba. Alisema aliyezaliwa kwenye mlima huu hahitaji kuutazama kwenye karatasi. Wanakijiji wote walisema hivyo, Shangazi, wakapiga kura ya ndiyo, kila mmoja akiwa na mlima wake kichwani.

Jumamosi walilijaribu. Bibi alipika supu ya shayiri, sufuria kubwa, akapanga mabakuli kwenye meza za nje. Vichumba vikapita juu ya paa. Watoto walitupungia, naye akawapungia kwa upawa. Hakushuka mtu. Alipoondoa mabakuli hakutaka nimsaidie. Baba alisimama pale akitazama juu, halafu akasema, "Watazoea." Sijui nani atazoea nini.

Sasa jambo lenyewe. Mteremko mpya unaishia kwenye konde letu la nyasi, ambalo ni lako na Baba. Sikukuu ya Mtakatifu Martini, tarehe 11 Novemba, kama kila mwaka, wenye makonde watapeana mikono na meneja wa gari la waya, Bwana Plattner, kumruhusu apitishe watelezaji humo wakati wa baridi. Baba atakupigia simu akuombe atoe mkono kwa niaba yako. Tafadhali usimkubalie. Bila mkono wako hawapiti, na tunachowaomba ni kidogo: kila asubuhi washindilie theluji ya njia fupi kutoka kileleni hadi kwa Bibi. Wakikataa, atafunga mkahawa kabla ya Krismasi. Ameshamwambia mwokaji asimletee tena mikate.

Nisalimie Baba Leonie, na Leonie mwenyewe. Bibi hajui kwamba nakuandikia, lakini anakutaja kila tunaposali. Mungu akutunze huko mbali.

Mkono wako nipe mimi, Shangazi. Unanijua, hata darasani nanong'ona. Lakini siku hiyo nitasimama mbele ya Bwana Plattner na Baba, mikono yangu mifukoni, mpaka njia ya Bibi iahidiwe watu wote wakisikia.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda hata akiwa amekasirika,
Notburga