Mipira Yangu Haivuji

Jumamosi, 6 Januari
Mipira yangu mitano ya soka imerudishwa. Mitano kati ya sita! Bwana Riasat, mkaguzi wa kiwanda, anasema inapungua upepo, eti sindano yangu inatoboa bladda, ule mpira wa ndani, nikifunga mshono wa mwisho. Mimi! Ninayeshona tangu sijaolewa! Ikirudi tena Alhamisi, atanikata jina kwenye daftari la washonaji. Nimemnyonyesha Umaima machozi yakimdondokea. Akacheka, akadhani mchezo.

Jumatatu, 8 Januari
Nimeizamisha yote kwenye ndoo. Hakuna povu hata moja. Mama mkwe kapita: "Mipira inaogeshwa, mtoto je?" Basi nikamwogesha naye. Lakini kama haivuji, upepo unaenda wapi?

Jumanne, 9 Januari
Nimejua! Mume wangu Tanveer kaniletea pampu na geji ya kupimia upepo kutoka kibanda chake cha baiskeli. Nikapampu mbio mbio, kama afanyavyo Riasat, mpaka geji ikasoma kumi na mbili inayotakiwa kiwandani. Umaima akashika pampu — akaruka, akalia. Hajaungua, alhamdulillahi. Nikagusa: moto kama birika! Kumbe hewa ikibanwa kwa pupa inashika joto. Ni kama chapati: motoni inatuna, ukiiepua inanywea. Mpira ukapoa sakafuni, geji ikasoma kumi na moja. Haujavuja — umepoa tu!

Nikaizungushia pampu kitambaa kibichi. Nabana polepole, napumzika, nabana tena. Pampu baridi muda wote. Kumi na mbili. Nikapika dengu, nikarudi: kumi na mbili ile ile! Nimembusu mtoto, nimeubusu mpira. Tanveer kuona hivyo kakimbia.

Alhamisi, 11 Januari
Naandika hapa hapa kwenye ukaguzi, kwa kalamu ya Riasat mwenyewe!

Nilimwomba nipampu kwa mkono wangu. "Siku hizi wewe fundi wa hewa?" akaniuliza. Washonaji wenzangu wakacheka. Nikalowesha kitambaa changu, sikuwa na haraka. Akaenda kunywa chai, akarudi. Yote sita: kumi na mbili. Akaigonga geji kwa ukucha. Akasema uchawi.

"Si uchawi, Bwana Riasat. Jaza mpira mmoja mbio mbio kama kawaida yako, halafu ushike pampu."

Akapampu. Akashika. Akautoa mkono upesi! Tukangoja. Mshale wa geji ukashuka mbele ya macho yetu sote.

Kisha Mama Bilqis, jirani yetu aliyekatwa jina mwezi jana na aliyekuja kutazama tu, akasimama. "Basi mimi nilikosa nini?" Riasat akaangalia kikombe. Mama Bilqis kaenda kwake mbio, karudi na gunia la mipira yake iliyokataliwa, kalimwaga miguuni pangu. "Mwanangu, anza na huu."

Nimeujaza polepole. Sasa tunangoja utulie. Umaima amelala mapajani kwa Mama Bilqis, na Mama Bilqis hata kupumua hapumui. Mlangoni wanakuja wengine waliokatwa, kila mmoja na gunia lake. Riasat kafungua daftari la majina penye jina la Mama Bilqis lililokatwa, kapiga magoti mbele ya geji, kanyoosha mkono anataka kalamu yake —